Waliowavusha Wageni: Tarehe ya Saisi na Madereva wa St. Moritz

Mji wa St. Moritz umekaa mita 1,822 juu ya usawa wa bahari, kusini-mashariki mwa Uswisi, katika bonde la Engadin ambalo wenyeji wake wa tangu zamani husema Kiromanshi na kuuita mji wao San Murezzan. Chini ya nyumba kuna ziwa dogo, urefu wake kama kilomita moja na nusu. Mto Inn huingia upande mmoja, hutokea upande wa pili, kisha huanza safari ndefu ya kwenda Danube na Bahari Nyeusi. Majira ya baridi yakikaza, ziwa hilo huganda, na likishaganda sawasawa hubeba farasi, mahema, majukwaa na maelfu ya watazamaji. Mji wenyewe una wakazi 5,000 hivi. Wengine wote ni wageni, na kila mgeni amefikishwa na mtu.

Huyo aliyemfikisha ndiye tarehe hii inamtafuta. Vitabu vya wageni huwataja wenye hoteli, wafalme na mabingwa wa michezo. Saisi aliyeshika hatamu na dereva aliyeshika usukani hutajwa kwa haraka, kama wakitajwa. Hata hivyo ukiyafuata mambo ya mji huu mwaka kwa mwaka, utaona kwamba kila badiliko kubwa lilianzia barabarani.

Kabla ya kuuza theluji, mji uliuza maji. Bondeni kuna chemchemi yenye madini ya chuma na gesi, na magogo ya mti yaliyoijengea kingo yamepimwa umri na kuonekana yalikatwa yapata mwaka 1411 kabla ya Kristo. Katika karne ya 16 tabibu Paracelsus aliyasifu maji hayo. Mahujaji nao walikuja kwa jina la Mauritius mtakatifu, askari ambaye mapokeo ya Kanisa yanasema alitoka Thebes ya Misri akauawa kwa imani yake katika nchi ya Alpi. Wote hao walikuja wakati wa kiangazi. Jua la Septemba likipungua, milango ya nyumba za wageni ilifungwa na bonde likabaki na wenyewe.

Njia kuu ya kuingilia ilikuwa kipito cha Julier, mita 2,284, na mpaka leo ndiyo hiyo. Warumi walikipita; vipande viwili vya nguzo yao bado vimesimama kando ya barabara pale juu. Barabara ya magari ya farasi ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1820. Mwaka 1858 reli ilifika Chur, mji mkuu wa jimbo la Graubünden, na kuanzia hapo msafiri wa London aliweza kuketi ndani ya behewa karibu safari yote. Ila kutoka Chur zilibaki kilomita zaidi ya 70 za mlima, na hizo hazikuwa za behewa.

Wakati wa baridi magurudumu yaliwekwa kando, zamu ikashikwa na sleji, kigari kinachoteleza juu ya theluji kwa mbao mbili. Theluji ikianguka usiku kucha, asubuhi wanavijiji walitangulia na mafahali na farasi ili kwato ziishindilie njia, ndipo posta ikapita. Farasi walivikwa njuga shingoni, kwa kuwa sleji haitoi sauti, na katika ukungu au kwenye kona nyembamba wawili wanaokutana bila kusikiana huanguka wote korongoni. Saisi aliijua miteremko inayoporomoka theluji mchana jua linapoipiga, akajipangia saa zake kwa kuiogopa. Kijiji cha Mulegns, upande wa kaskazini wa kipito, kiliishi kwa kazi hiyo. Hoteli yake ya posta, iitwayo Löwe, ilikuwa kituo cha kubadilishia farasi, na abiria aliyeshuka hapo kunyoosha miguu alikuwa hajafika hata kileleni.

Ndiyo maana kisa cha mwaka 1864 kinasimuliwa kwa mshangao hadi leo. Johannes Badrutt alikuwa amenunua nyumba ndogo ya wageni miaka michache nyuma na kuikuza ikawa hoteli ya Kulm. Septemba ile, wanavyosimulia, alikuwa na wageni wanne wa Kiingereza waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao kwenye ukungu na mvua. Akawaambia kwamba majira ya baridi hapa jua huwaka hata mtu akakaa nje bila koti. Walipokataa kuamini akawawekea dau: waje Desemba, na wasiporidhika atawalipia nauli ya kwenda na kurudi. Wakaja. Walivuka Julier kwa sleji wamejifunika manyoya, na walipofika mbele ya hoteli walikuwa wakitoka jasho, naye Badrutt akawapokea amekunja mikono ya shati. Walikaa mpaka Pasaka wakarudi Uingereza wakiwa na rangi ya jua.

Inawezekana kisa kimenakshiwa kidogo kila kiliposimuliwa. Kiini chake lakini ni kweli: kuanzia miaka hiyo Waingereza walianza kuja St. Moritz wakati wa baridi, na utalii wa theluji wa Alpi ukapata mwanzo. Waliolishinda dau lile pamoja na Badrutt ni masaisi wa Julier, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Kama sleji ile ingekwama kijijini Bivio, chini ya kipito, kwa siku nne, au ingefukiwa, pasingekuwa na kisa cha kusimulia. Badrutt aliahidi jua, na jua halikuwa kazi yake. Barabara ndiyo iliyokuwa kazi, na ilikuwa ya watu wengine.

Mgeni aliyefika hivyo hakuondoka upesi. Alikaa wiki, pengine miezi, na mtu mwenye afya na fedha akikaa miezi katika kijiji cha mlimani huanza kutafuta la kufanya. Hapo ndipo michezo ilipozaliwa. Mwaka 1880 yalichezwa mashindano ya kusukuma mawe juu ya barafu, mchezo ambao Waskoti waliuleta kutoka kwao. Vijana wa Kiingereza walichukua vigari vya kuteleza vya wenyeji wakaanza kushindana navyo katika vichochoro vya mji hadi wapita njia wakalalamika. Badala ya kuwafukuza, hoteli ikawatengenezea njia yao wenyewe: katika majira ya baridi ya 1884 na 1885 ikajengwa Cresta Run, mfereji wa barafu wa mita 1,212 unaoshuka kuelekea kijiji cha Celerina. Mtu hulala kifudifudi juu ya kigari cha chuma, kichwa mbele, miguu ikiburuta kucha za chuma za kufungia mwendo, na mwendo huo huweza kuzidi kilomita 120 kwa saa. Chama chake kiliundwa mwaka 1887. Wanawake waliteleza humo hapo mwanzo, wakazuiwa mwaka 1929, na hawakurudishiwa haki hiyo mpaka mwaka 2018, muda mrefu mno kwa jambo lisilo na hoja.

Kulm iliwasha taa za umeme mwishoni mwa miaka ya 1870, za kwanza kabisa katika Uswisi, baada ya Badrutt kuziona kwenye maonyesho ya Paris. Mwanawe Caspar akafungua hoteli ya Palace mwaka 1896, juu kabisa ya ziwa. Mwaka huohuo tramu ya umeme ilianza kwenda na kurudi kati ya mji wa juu na bafu za bondeni. Mji ulikuwa na umeme, tramu na simu, lakini mgeni bado aliingia nyuma ya farasi.

Reli ndiyo iliyokuja kulibadilisha hilo. Wahandisi wa Rhätische Bahn walipitisha njia nyembamba ya reli katika bonde la Albula kwa madaraja na mahandaki ya kuzunguka ndani ya mlima. Daraja la Landwasser lina kimo cha mita 65, na treni ikilimaliza huingia moja kwa moja katika tundu lililochimbwa kwenye ukuta wa jabali. Treni ilifika Celerina mwaka 1903 na St. Moritz Julai 1904. Mwaka 1910 njia ya Bernina ikaunganisha mji na Tirano, Italia, ikipanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno. Leo njia zote mbili zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Masaisi wa safari ndefu walipoteza kazi kwa mwaka mmoja au miwili tu ya mabadiliko. Waliobaki walihamia mbele ya stesheni, wakawa wapokeaji: kila hoteli na gari lake la farasi, kila mwendeshaji na kofia yenye jina la hoteli.

Hao ndio waliokutana na motokaa, na hapo pana sura ambayo inafaa kusimuliwa taratibu.

Mwaka 1900, mwezi Agosti, serikali ya Graubünden ilipiga marufuku motokaa katika barabara zote za jimbo. Haikuwa kanuni ya mji mmoja au ya Jumapili. Ilikuwa barabara zote, siku zote. Magari machache ya matajiri yalikuwa yamepita kiangazi kile, farasi wakashtuka, mifugo ikatawanyika, vumbi likaingia majumbani. Barabara za kule zilikuwa nyembamba, zenye korongo upande mmoja na jabali upande wa pili, na zilitunzwa kwa jasho la vijiji masikini ambavyo havikuona sababu ya kumtengenezea njia mtu anayepita kwa kasi bila kununua hata kikombe cha maziwa. Tena jimbo lilikuwa limejitwika gharama kubwa ya reli. Abiria aliyekuja kwa gari lake ni tiketi iliyopotea. Na masaisi walikuwa wengi, nao walipiga kura.

Kura ndizo zilizoifanya habari hii isiwe na mfano. Katika nchi ile jambo kama hili huamuliwa na wananchi wenyewe, na wananchi waliulizwa mara kumi kati ya 1907 na 1925. Mara kwa mara walikataa. Tajiri aliyetaka kuvuka jimbo kwa gari lake alilazimika kuzima injini mpakani, kukodi farasi au ng'ombe, na kuvutwa kilomita baada ya kilomita ameketi kwenye kiti chake cha ngozi. Dereva wake, aliyevaa miwani ya vumbi na glavu, alibaki akiuelekeza usukani tu huku saisi wa kijijini akitembea mbele na mjeledi. Pengine ni mahali pekee Ulaya ambapo masaisi na madereva walifanya kazi kwenye gari moja kwa wakati mmoja kwa amri ya serikali.

Ni rahisi kuwacheka wapiga kura wale. Wasichekwe. Walikuwa na hoja, na baadhi ya hoja zao bado zina uzito: kwamba barabara ni ya wakaao kando yake kabla ya kuwa ya mpitaji, na kwamba utulivu ni sehemu ya kile ambacho mgeni analipia. Wenye hoteli wenyewe waligawanyika. Mwanzoni walikuwapo waliofurahia kimya, lakini miaka ilivyopita waliona wageni wakienda kwenye milima ya jirani ambako gari lilikaribishwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mabasi ya posta ya shirikisho yalianza kuruhusiwa kwenye baadhi ya njia, na wakulima wakazoea kuiona injini ikiwaletea barua na jamaa zao. Tarehe 21 Juni 1925 marufuku ikaondolewa, kwa tofauti ya kura kama elfu moja hivi.

Magari hayo ya posta yanastahili aya yake. Yamepakwa rangi ya manjano, na honi yake hutoa sauti tatu zilizochukuliwa kutoka utangulizi wa opera ya Rossini, Guillaume Tell. Honi hiyo hupigwa kabla ya kona isiyoonekana mbele. Katika barabara za mlimani zenye alama ya baragumu la manjano, dereva binafsi anapaswa kufuata maelekezo ya dereva wa posta: akiambiwa arudi nyuma, anarudi nyuma. Kwa maneno mengine, sheria ilimpa mwendeshaji wa basi mamlaka ambayo saisi wa posta alikuwa nayo kwa heshima tu.

Baada ya 1925 madereva walikuja kwa wingi. Waliohitajika zaidi walikuwa wale waliojua mlima, na mara nyingi hao walikuwa masaisi wa jana au watoto wao. Palace ikajulikana kwa Rolls-Royce zake zinazowapokea wageni stesheni, desturi iliyodumu hadi sasa ingawa mwendo wenyewe ni wa dakika chache. Februari 1928 mji ukaandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, na hapo mlima ukaonyesha kwamba hauamriwi: upepo wa joto uitwao föhn uliteremka, joto likapanda hadi nyuzi 25 wakati wa mbio za skii za kilomita 50, na mbio za mita 10,000 za kuteleza kwenye barafu zikaachwa katikati kwa sababu barafu ilikuwa imegeuka maji. Michezo ilirudi St. Moritz mwaka 1948, ya kwanza ya baridi baada ya vita, huku Ujerumani na Japani zikiwa hazikualikwa.

Kazi ya dereva wa wageni leo huanzia mbali na ziwa. Wengi hupakia Zürich, umbali wa kama kilomita 200, wengine Milano. Ndege ndogo hutua Samedan, kilomita chache kutoka mjini, kwenye uwanja ulio mita 1,707 juu ya bahari, miongoni mwa viwanja vya juu kabisa Ulaya. Kutoka Zürich gari hufuata ziwa la huko, hupita Sargans, Chur, Thusis, Tiefencastel, kisha Julier. Tofauti na vipito vya Albula na Flüela vinavyofungwa msimu wa theluji, Julier huwekwa wazi mwaka mzima, na wafanyakazi wa barabara hutoka na magari ya kusukuma theluji kabla ya alfajiri. Lakini hata Julier hufungwa saa kadhaa poromoko likihofiwa. Hapo dereva mzuri ameshaamua tangu Landquart: huzunguka kwa Klosters, hupandisha gari juu ya treni, na kupita chini ya mlima katika handaki la Vereina, kilomita 19, lililofunguliwa mwaka 1999. Dakika 18 baadaye yuko Engadin ya chini, na abiria wake pengine hajaamka.

Sheria ya Uswisi inambana dereva anayebeba watu kwa malipo. Lazima awe na kibali maalumu, saa zake za kazi na mapumziko zina kikomo, na gari hubeba kifaa cha kuzirekodi. Matairi ya baridi, kwa ajabu, hayalazimishwi na sheria kwa jina. Ila anayezuia njia au kusababisha ajali kwa kukosa matairi yafaayo atawajibika, na pale alama ya minyororo inapowekwa, minyororo hufungwa au safari huishia hapo. Usiku wa Samedan joto huweza kushuka chini ya nyuzi 30 hasi. Dereva huficha gari kwenye maegesho ya chini ya ardhi, huondoa theluji juu ya paa isije ikamwagikia kioo cha mbele kwenye mteremko, na hubeba koleo, blanketi na maji ya kioo yasiyoganda.

Safari za kutembeza wageni nazo zina njia zake. Inayopendwa kuliko zote huenda magharibi kupita maziwa ya Silvaplana na Sils. Katika Sils-Maria kuna nyumba ambamo Nietzsche alipanga chumba majira mengi ya kiangazi katika miaka ya 1880, na sasa ni makumbusho. Mbele ni Maloja, mita 1,815, ambapo bonde hukatika ghafla na barabara kuanguka kwa kona za kukunjana hadi Bregaglia, bonde la ukoo wa wachoraji na wachongaji wa Giacometti. Ndani ya kilomita 30 hivi mgeni hushuka hadi Chiavenna, Italia, chini ya mita 400, ambako asubuhi ileile ya theluji watu wamekaa nje wakinywa kahawa. Basi la posta hufuata njia hii hadi Lugano. Njia nyingine hupanda Bernina, mita 2,328, na kushuka Poschiavo na Tirano. Madereva wengi humwachia mgeni apande treni nyekundu upande mmoja, wao wakazunguka na gari kumngoja ng'ambo. Huo ni uungwana wa kazi: kukubali kwamba hapa reli inaonyesha kuliko kioo cha gari.

Kabla ya kutoka mjini, wengi huanza kwenye makumbusho ya Segantini, yaliyojengwa mwaka 1908 kwa ajili ya mchoraji aliyefia mlimani karibu na Pontresina mwaka 1899 akiwa bado na kazi mkononi. Picha zake tatu kubwa, za uhai, maumbile na mauti, zimetundikwa chini ya kuba. Mjini pia pana mnara wa kanisa la zamani la Mauritius, kimo chake mita 33, ulioinama sana. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1893. Anayetaka milima bila kupanda huchukuliwa hadi chini ya Muottas Muragl, ambako behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma limekuwa likipandisha watu tangu 1907, au hadi Diavolezza, karibu mita 3,000, uso kwa uso na Piz Palü na Piz Bernina yenye mita 4,049.

Na kuna mabonde ambako dereva huzima injini kwa lazima. Val Fex, juu ya Sils, na Val Roseg, nyuma ya Pontresina, hazipitiki kwa magari ya wageni. Hapo mgeni hukabidhiwa kwa saisi. Farasi wawili, kengele, blanketi za sufu, na mwendo wa saa moja kati ya misonobari hadi kwenye nyumba ya chakula. Kazi iliyoonekana imekufa mwaka 1904 bado inalisha familia. Vijana wa vijijini nao huhifadhi Schlitteda, msafara wa Januari ambapo wachumba huketi kwenye sleji za zamani zilizochongwa na kupakwa rangi, wasichana wakivaa nguo nyekundu za mapokeo, wakizunguka kijiji kwa kijiji.

Ziwani ndiko vitu vyote hivi hukutana. Mwaka 1906 watu walishindana kwa kuvutwa na farasi wakiwa wamesimama juu ya skii, kutoka St. Moritz hadi Champfèr na kurudi. Mwaka uliofuata mashindano yakahamia juu ya barafu, na White Turf ikazaliwa; hufanyika Jumapili tatu za Februari. Mbio za kawaida za farasi zipo, lakini kinachowaleta watu ni ile ya kuvutwa. Farasi hana mpanda farasi. Nyuma yake mtu ameshika hatamu ndefu, theluji ya kwato ikimpiga usoni, kasi kama kilomita 50 kwa saa, na farasi wengine kumi pembeni. Anayekusanya alama nyingi katika Jumapili tatu huitwa mfalme wa Engadin. Mwaka 1985 yakaanza mashindano ya polo juu ya theluji, kisha kriketi. Na tangu 2022 huletwa pale magari ya zamani yenye thamani kubwa, kushindania uzuri na kisha kuzungushwa juu ya barafu. Jimbo lililozifukuza motokaa miaka 25 sasa huzitandikia ziwa.

Barafu haichukuliwi kwa mazoea. Wataalamu huitoboa na kuipima unene kabla hema la kwanza halijasimamishwa. Februari 2017 mbio zilikatizwa baada ya farasi kuingia kwenye ufa ambao maji yalikuwa yamepenya, na mpanda farasi mmoja akaumia vibaya. Majira ya baridi yanavyopungua makali, waandaaji huanza kuhesabu usiku wa baridi tangu Novemba.

Mwezi huohuo wa 2017 St. Moritz uliandaa mashindano ya dunia ya skii za milimani, na miongoni mwa walioteremka alikuwamo Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akivaa rangi za Kenya. Mwaka uliofuata alibeba bendera hiyo kwenye Olimpiki ya Pyeongchang.

Ipo safari moja zaidi ambayo dereva hupewa jina lake kamili la rubani. Njia ya bobu, kigari cha kuteleza barafuni, kutoka St. Moritz hadi Celerina, mita 1,722, imejengwa upya kila mwaka tangu 1904 kwa theluji na maji tu, bila mashine za kugandisha. Mafundi wake hutoka Tirol Kusini, na hutengeneza kuta za barafu kwa koleo, mabomba ya maji na jicho, kona kwa kona, hadi ile kubwa ya umbo la kwato. Mgeni anaweza kununua kiti. Huketi katikati, rubani mbele, mshika breki nyuma, na bobu husukumwa. Kwa muda wa dakika moja na ushei, kwa kasi inayoweza kufika kilomita 130, hawezi kufanya lolote ila kumwamini mtu aliyeshika kamba za usukani. Wale Waingereza wanne wa 1864 walikuwa na saa nyingi zaidi za kufanya hivyo, nyuma ya farasi.

Huko Mulegns, mwaka 2020, nyumba nyeupe ya karne ya 19 iliyokuwa ikikwaruzwa na malori kwenye sehemu nyembamba ya barabara ya Julier iliinuliwa nzima na kusogezwa mita nane hivi ili njia ipanuke. Mlango wa Löwe, walikobadilishiwa farasi, unatazamana nayo.